Lisemwalo Si Lazima Liwepo: Tupime Habari za Ugaidi wa Nyuklia

Wahenga walituachia methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali nzuri unapoona moshi nyuma ya nyumba ya jirani. Lakini ikichukuliwa kama kanuni ya kupokea kila habari, inageuka mtego. Kila uvumi unakuwa nusu ya ukweli kwa sababu tu umesemwa, na nusu nyingine tunaahidiwa kwamba iko njiani. Habari za ugaidi wa nyuklia zimeishi kwa methali hii kwa zaidi ya miaka 25. Ni wakati wa kuuliza: je, lililosemwa lipo?

Tuanze na kesi moja ya London. Septemba 2004 gazeti la News of the World lilitangaza kwamba mwandishi wake amefichua watu waliotaka kununua "zebaki nyekundu" kwa ajili ya kutengeneza bomu la mionzi. Watu watatu walishtakiwa. Karibu miaka miwili baadaye, Julai 2006, mahakama iliwaona hawana hatia. Jambo la ajabu zaidi ni hili: zebaki nyekundu yenye nguvu za kinyuklia haijawahi kuonekana katika maabara yoyote. Inauzwa, inatafutwa, inapigiwa simu usiku, ila haipo. Habari ya kukamatwa ilisomwa na mamilioni ya watu. Ile ya kuachiwa ilipita kama basi lisilosimama kituoni.

Ndugu msomaji, sisemi kwamba hakuna magaidi, wala kwamba hakuna anayeitamani silaha ya namna hiyo. Ninasema kwamba kati ya kutamani na kuwa nacho kuna mto mpana, na vyombo vingi vya habari vimezoea kutuvusha mto huo kwa sentensi moja.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo vichwa vya habari huyachanganya katika chungu kimoja. La kwanza ni bomu la nyuklia lenyewe, kama lile lililoangushwa Hiroshima. La pili ni linaloitwa bomu chafu, yaani baruti ya kawaida iliyochanganywa na kitu chenye mionzi ili kuitawanya. La tatu ni madini ya urani yanayochimbwa ardhini. Vitu hivi vitatu havifanani, kama vile mhindi shambani, unga na ugali mezani visivyofanana. Asiyejua tofauti hiyo anaweza kutishwa na gunia la mahindi akiambiwa ni sufuria ya ugali.

Urani inapotoka ardhini, zaidi ya asilimia 99 yake ni ile ya namba 238, ambayo haiwezi kulipua bomu la namna ya Hiroshima. Inayotakiwa ni ile ya namba 235, nayo haifiki hata asilimia moja. Ni kama 0.7 tu. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, hukadiria kwamba kilo 25 za urani 235, ndani ya urani iliyorutubishwa kwa kiwango cha juu, ndicho kiasi ambacho kikipotea mtu anapaswa kuhofia bomu. Kuzipata kilo hizo kutoka kwenye urani ya asili unahitaji takriban tani tatu na nusu za urani safi, tena kama hakuna chembe itakayopotea njiani. Kisha unahitaji viwanda vya kurutubisha, umeme mwingi, wahandisi, na miaka. Mataifa yenye hazina kubwa yamehangaika na kazi hiyo kwa muda mrefu. Haifanyiki kwenye banda la nyuma ya gereji.

Ukijua hayo, rudi sasa kwenye habari iliyotugusa sisi wenyewe. Agosti 2006 gazeti la Sunday Times la Uingereza liliandika kwamba mzigo wa urani kutoka Lubumbashi, uliofichwa katikati ya mapipa ya koltani, ulikamatwa na maofisa wa forodha nchini Tanzania mwaka uliotangulia ukiwa njiani kwenda bandari ya Bandar Abbas, Iran. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Lakini urani iliyotajwa ilikuwa ya namba 238, ile ile isiyolipuka. Tena koltani yenyewe kwa asili huwa na chembe za urani na thoriamu, hivyo kipima mionzi kinaweza kulia hata kama hakuna mtu aliyeficha kitu. Mzigo wa urani usio na vibali ni kosa, na ni haki kuuchunguza. Kwa taifa lenye viwanda vya kurutubisha una maana fulani. Kwa kikundi cha magaidi ni mzigo wa mawe. Msomaji wa kawaida aliyefunga gazeti lake siku ile alibaki na picha moja tu kichwani: bomu linapita bandarini kwetu. Picha hiyo haikuwa kwenye yale mapipa.

Kongo nayo ina historia inayofanya uvumi wa namna hii uaminike haraka. Mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, ndio uliotoa sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mpango wa Marekani wa kutengeneza mabomu ya mwaka 1945. Huo ni ukweli mzito, na watu wa Katanga wana haki ya kuukumbuka. Pia ni kweli kwamba kinu kidogo cha utafiti cha Kinshasa kilipoteza fito za fueli, na mmoja wao ulikamatwa Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu. Hilo ni jambo la aibu na la hatari. Hata hivyo, hebu tuhesabu. Ufito wa aina hiyo kwa kawaida huwa na gramu zisizofika 40 za urani 235, tena katika urani iliyorutubishwa chini ya asilimia 20. Ili kufikia zile kilo 25 zingehitajika fito zaidi ya 600, na bado mtu angebaki na kazi ya kurutubisha. Anayetuambia kwamba ufito ulioibiwa ni bomu lililoibiwa ameruka hesabu nzima.

Hadithi nyingine iliyodumu ni ya mabomu ya kwenye begi. Mwaka 1997 Jenerali Alexander Lebed, aliyewahi kuwa katibu wa Baraza la Usalama la Urusi, aliiambia televisheni ya Marekani kwamba mabomu madogo zaidi ya 100, ya kubebwa mkononi, hayajulikani yaliko. Serikali ya Urusi ilikanusha, na idadi aliyoitaja Lebed mwenyewe ilibadilika kutoka mazungumzo hadi mazungumzo. Tangu hapo mabegi hayo yamesafiri sana: kwenye filamu, kwenye vitabu, kwenye mahubiri ya mwisho wa dunia, na siku hizi kwenye makundi ya WhatsApp. Ila hakuna begi hata moja lililopatikana. Na hata kama lingekuwapo, silaha ndogo za namna hiyo zinahitaji matunzo. Tritiamu inayotumika katika silaha nyingi hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi, na vifaa vingine huchakaa. Bomu la mwaka 1990 lililosahauliwa chini ya kitanda si kama jembe la babu, ambalo unalinoa na kwenda nalo shambani.

Mtu anaweza kusema: kuna ubaya gani kuogopa kupita kiasi? Si afadhali tahadhari ya bure kuliko msiba? Swali hili ni la haki, na lazima lijibiwe kwa kuangalia gharama ambazo hofu hiyo imekwisha kulipiwa.

Septemba 2002 viongozi wa Marekani walianza kuwaambia wananchi wao kwamba wasisubiri ushahidi kamili dhidi ya Iraki, kwa kuwa ushahidi huo ungeweza kuja kama wingu la bomu la nyuklia. Januari 2003 Rais George W. Bush alilihutubia Bunge na kusema kwamba Saddam Hussein ametafuta urani barani Afrika. Nyuma ya madai ya namna hiyo kulikuwa na nyaraka zilizohusu Niger. Machi 7, 2003 Mohamed ElBaradei, mkurugenzi mkuu wa IAEA, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba nyaraka hizo si halisi. Barua moja ya mwaka 2000 ilikuwa na sahihi ya waziri aliyeondoka madarakani mwaka 1989. Kosa kama hilo hata karani wa shule angelibaini. Lakini hofu ilikuwa imekwisha kupanda gari. Siku 13 baadaye vita vilianza. Wachunguzi walioingia Iraki baada ya utawala kuanguka hawakukuta mpango wowote hai wa silaha za nyuklia. Walioipata hasara ni watu wa Iraki, waliozikwa kwa maelfu mengi, pamoja na jamii za Wakristo wa kale wa nchi ile ambazo hazijarudi kuwa kama zilivyokuwa.

Gharama nyingine ni ya haki. Mei 2002 raia wa Marekani, Jose Padilla, alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Chicago. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu John Ashcroft, akiwa ziarani Moscow, alitangaza mbele ya kamera kwamba njama ya bomu chafu imezimwa. Padilla alishikiliwa na jeshi kwa zaidi ya miaka mitatu bila kufikishwa mbele ya mahakama ya kiraia. Alipofikishwa, alipatikana na hatia mwaka 2007 kwa makosa mengine ya kusaidia ugaidi nje ya nchi. Bomu chafu halikuwamo katika mashtaka. Hakuwa malaika. Lakini dunia ilitangaziwa jambo moja, na mahakama ikaletewa jingine.

Gharama ya tatu huwaangukia maskini, na huzungumzwa kidogo. Ile zebaki nyekundu ya London ina ndugu zake huku kwetu. Mwaka 2009 uvumi ulienea Saudi Arabia kwamba imo ndani ya cherehani za zamani za Singer, na cherehani chakavu zikauzwa kwa bei ya kushangaza. Hapo aliyedanganywa alipoteza fedha. Lakini kusini mwa Afrika, zikiwemo Zimbabwe na Msumbiji, wako watu walioamini kwamba imo ndani ya mabomu ya ardhini yaliyobaki baada ya vita. Wameyafungua kwa nyundo na bisibisi. Bomu la ardhini halina zebaki nyekundu; lina baruti. Hao pia wahesabiwe miongoni mwa waathirika wa ugaidi wa nyuklia, ingawa hakuna gaidi aliyewagusa.

Sasa tuupe upande wa pili haki yake. Novemba 2007 watu wenye silaha walivamia kituo cha Pelindaba, Afrika Kusini, mahali inapohifadhiwa urani ya kiwango cha juu iliyobaki baada ya nchi hiyo kuachana na mabomu yake sita. Walimpiga mtu risasi, wakaondoka bila kuifikia urani. Mwaka 2006 huko Georgia alikamatwa mtu mwenye gramu chini ya 100 za urani iliyorutubishwa kwa kiwango cha kutisha. Haya si uvumi. Mlinzi anayeyapuuza hastahili kazi yake. Lakini ona tofauti: gramu, si kilo, na yule "mnunuzi" wa Georgia alikuwa askari katika mtego. Ona pia mfano wa Aum Shinrikyo wa Japani. Kundi hilo lilikuwa na fedha nyingi na wanasayansi, lilinunua shamba kubwa Australia mwaka 1993 likitafuta urani, na likashindwa. Hatimaye liligeukia gesi ya sarini katika treni za Tokyo mwaka 1995. Walioua watu kweli waliacha ndoto ya nyuklia na kuchukua kilichokuwa karibu na mkono.

Mwaka 2004 profesa Graham Allison wa Harvard aliandika kwamba, kwa njia dunia iliyokuwa ikiifuata, shambulio la kigaidi la nyuklia dhidi ya Marekani ndani ya miaka kumi lina uwezekano mkubwa kuliko kutotokea. Miaka kumi ilipita, na mingine kumi baada yake. Wanaomtetea watasema: halikutokea kwa sababu tulionywa. Kuna ukweli ndani yake. Lakini tuangalie kazi iliyofanyika ilikuwa ya namna gani. Mwaka 1994 takriban kilo 600 za urani ya kiwango cha juu ziliondolewa Kazakhstan kimya kimya. Mwaka 2017 kinu cha utafiti cha Ghana, na mwaka 2018 kile cha Zaria, Nigeria, vilibadilishiwa fueli, na urani yao ya kiwango cha juu ikarudishwa China ilikotoka. Kazi hiyo ilifanywa na mafundi na wanasheria, kwa makufuli, uzio na mikataba. Haikuhitaji watu walale macho, na vichwa vya habari havikuipa hata robo ya nafasi waliyopewa watu wa mabegi. Kulinda ni jambo moja, kutisha ni jingine. Debe tupu ndilo linalovuma.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa ugaidi ni nini. Agosti 7, 1998 magari yaliyojaa milipuko ya kawaida yaliua zaidi ya watu 200 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Aprili 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 waliuawa, na silaha kubwa ilikuwa bunduki. Hakuna urani iliyohitajika. Macho yanayotazama mbali sana kutafuta wingu la nyuklia yanaweza kushindwa kuona kijana wa mtaa wa pili anayerubuniwa leo.

Hata hatari ya mionzi yenyewe imekaa mahali ambapo kamera haziendi. Septemba 1987 huko Goiânia, Brazili, waokota vyuma chakavu walichukua mashine ya kutibu saratani iliyoachwa katika kliniki iliyohama. Waliifungua, wakakuta unga wa sesiamu uliong'aa gizani kwa rangi ya buluu. Waliwagawia ndugu na majirani kama kitu cha thamani. Watu wanne walikufa, akiwemo mtoto wa kike wa miaka sita. Watu 249 walikutwa na uchafu wa mionzi, na zaidi ya 112,000 walipimwa. Baada ya hapo wenyeji wa mji huo walikataliwa hotelini kwingineko na mazao yao yakakosa soko, ingawa wengi wao hawakuwa wameguswa na chochote. Hapakuwa na gaidi. Palikuwa na uzembe, umaskini na ujinga, na baadaye hofu.

Kumbukumbu za IAEA zinaonyesha jambo hilo hilo. Tangu mwaka 1993 nchi wanachama zimeripoti matukio zaidi ya 4,000 ya vitu vya nyuklia na vya mionzi kupotea, kuibwa au kutupwa ovyo. Yanayojulikana au kudhaniwa kuhusiana na biashara haramu au nia mbaya ni chini ya moja kati ya kumi. Swali lenye faida kwa mji wetu, basi, ni hili: mashine za zamani za hospitali zimeenda wapi, na nani ameandika zilikoenda? Yule kijana anayenunua vyuma chakavu kwa kilo anajua alama ya mionzi inafananaje? Maswali haya hayauzi magazeti, lakini yanaokoa watoto.

Na tukitaka kuogopa silaha za nyuklia kwa haki kabisa, basi tutazame zilipo. Dunia ina vichwa vya nyuklia takriban 12,000, navyo vimo mikononi mwa mataifa tisa yenye bendera, bajeti na mabalozi. Vipo, vinahesabika, na vingine viko tayari kurushwa kwa dakika chache. Septemba 20, 2017 Vatikani ilitia sahihi na kuridhia siku hiyo hiyo mkataba wa kupiga marufuku silaha hizo, na Papa Fransisko alisema Hiroshima mwaka 2019 kwamba hata kuzimiliki ni kinyume cha maadili. Gaidi wa kufikirika mwenye begi amekuwa pazia zuri: tunamkodolea macho yeye, huku wenye maghala wakipita nyuma yetu wakijiita walinzi.

Wengi wanaosoma ukurasa huu wanasimama au watasimama mbele ya watu: mimbarini, darasani, katika jumuiya ndogondogo. Watu huamini kipaza sauti chetu kabla ya kupima maneno yetu. Kwa hiyo amri ya nane inatuhusu kwa namna ya pekee, maana ushuhuda wa uongo hauhitaji nia mbaya. Unahitaji tu mdomo wenye haraka. Kabla ya kupeleka habari ya namna hii mbele, tuulize maswali machache. Ni kitu gani hasa kilichopatikana: bomu, chanzo cha mionzi, au madini? Kilikuwa kiasi gani, gramu au kilo? Nani amekipima, na jina la taasisi yake ni nani? Aliyekamatwa ameshtakiwa kwa lipi, na kesi iliishaje? Na nani anafaidika nikiogopa leo?

Habari inayostahimili maswali hayo ipokewe na ifanyiwe kazi bila kuchelewa. Isiyostahimili iachwe ife hapo ilipofika. Lisemwalo likipimwa, ndipo tutakapojua kama lipo.